Nikipiga goti wodini naambiwa hapa si ukweni

Barua

Shikamoo Mama,

Mimi ni daktari wa mafunzo kwa vitendo, interni kama wanavyotuita, nina miaka 26. Nimezaliwa Kwimba, mkoani Mwanza, na nimelelewa na bibi mzaa baba mpaka darasa la saba. Kwetu msichana hamsalimii mtu mzima akiwa amesimama wima kama nguzo ya umeme. Unapiga goti. Hata ukiwa na ndoo kichwani unakunja kidogo, mtu aone kwamba umelelewa. Nimefanya hivyo tangu sijajua kusoma na sijawahi kukaa nikalifikiria.

Mwaka huu nipo hospitali moja ya mkoa, mbali sana na kwetu. Wiki ya kwanza, wodi ya wanaume, tukiwa kwenye raundi ya asubuhi, tulifika kitanda cha mzee mmoja wa miaka 84. Nikapiga goti nikasema shikamoo babu. Bosi wetu, daktari bingwa, akasimamisha raundi nzima. "Dokta, inuka. Hapa si ukweni." Wanafunzi wakacheka, manesi wakacheka, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani. Mzee peke yake hakucheka. Aliniitikia marahaba taratibu, kama mtu ambaye hajasikia kitu.

Tangu siku ile sijapiga goti tena. Nimejifunza kutembea haraka, mikono kwenye mifuko ya koti, na kusema "yule wa ini, kitanda namba 7". Na kusema kweli, Mama, nimeanza kuonekana daktari. Zamani ndugu wa wagonjwa walikuwa wananiuliza "sista, daktari yuko wapi?" Siku hizi hawaniulizi.

Yule wa ini, kitanda namba 7, ndiye mzee huyohuyo. Majibu yalipotoka ilikuwa saratani, imeshasambaa. Mwanawe mkubwa alinivuta pembeni akanisihi: "Dokta, baba asijue, atakata tamaa." Nikakubali. Kesho yake bosi akaeleza hali yote kwa Kiingereza akiwa amesimama juu ya kichwa cha mzee: ini limekwisha, hakuna upasuaji, arudishwe nyumbani. Raundi ikasogea. Nilipobaki nyuma kuandika kwenye faili, mzee akanishika mkono. "Binti yangu, bwana mkubwa kasemaje?" Nikamjibu, "Kasema tuendelee na dawa, babu." Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya."

Alifariki siku ya sita, kabla hawajapata gari la kumrudisha. Mwanawe alipokuja kuchukua vitu vyake aliniambia mambo mawili. Kwamba mzee alikuwa akimtaja dada yake, ndugu wa mwisho aliyebaki, nao wakamwambia atamwona akipona. Na kwamba baba yao alikuwa karani wa mashamba ya mkonge tangu enzi za Mwingereza. "Kiingereza alikuwa anatushinda sisi wote."

Kuna lingine. Kwenye wodi hiyohiyo bosi aliagiza mgonjwa wa kidonda cha sukari aongezewe gentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo. Majibu ya figo nilikuwa nimeyachukua maabara mwenyewe jana yake jioni, na yalikuwa mabaya. Mdomo ukawa mzito. Kwetu hukatizi kauli ya mkubwa. Aliyesema ni nesi mmoja wa siku nyingi: "Daktari, samahani, majibu ya figo ya jana yamo kwenye faili, sijui kama umebahatika kuyaona." Bosi akafungua, akabadilisha dawa, tukaendelea. Hakuna aliyedhurika. Lakini mimi usiku huo sikulala.

Pasaka nilienda nyumbani. Nilimkuta bibi amekaa nje, miguu imevimba. Nikaanza: imevimba lini, inauma ukilala au ukitembea, unapumua vizuri? Akanitazama mpaka nikanyamaza. Kisha akaniuliza kwa Kisukuma: "Umekuja kunisalimia au kunipima?"

Naomba unisaidie. Udaktari unanitaka nimwache yule msichana Kwimba? Na nikimaliza mwaka huu, niombe kazi kanda ya Ziwa, nikatibu watu wanaonielewa?

Wako,
Mpiga Goti

Jibu

Marahaba mwanangu.

Umefunga mambo matatu kwenye kanga moja, goti, ukimya na uongo, halafu kanga nzima ukaiita malezi ya kwetu. Acha niifungue, maana yaliyomo hayalingani uzito, na moja kati yake sikupi pole.

Goti ndilo jepesi, nianze nalo. Bosi wako alikosea. Kumwaibisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa ni kosa hata kama unachomfundisha ni sahihi, na hapa hakikuwa sahihi. Ila nakuomba uelewe kilichomsukuma, kwa sababu miaka michache ijayo utakuwa wewe umesimama pale alipo.

Ukiambiwa "acha mila za nyumbani, sasa wewe ni daktari", usidhani unatolewa kwenye mila unapelekwa mahali pasipo na mila. Udaktari ni kabila. Una jando lake: chumba cha maiti mwaka wa kwanza, usiku wa kwanza wa zamu ukiwa peke yako, siku ya kwanza mgonjwa anafia mikononi mwako na unatakiwa uende kumwona wa kitanda kinachofuata. Una vazi lake. Una lugha yake, ambayo wenye nyumba, yaani wagonjwa, hawaielewi (au mnadhani hawaielewi). Una miiko: usilie, usiulize mara mbili, usionekane hujui. Na una wazee wake. Shule ya kwanza ya udaktari hapa nchini ilianza Dar es Salaam mwaka 1963, na waliofundisha kizazi kile walikuwa wamesomea Makerere, Uingereza na kwingineko Ulaya. Ile raundi yenu, bingwa mbele, wengine mkia nyuma kwa kufuatana vyeo, mgonjwa amelala katikati kama meza, ni desturi ya hospitali za Waingereza. Ni mila za watu. Imetufaa kwa mengi, sikatai. Lakini hakuna mahali imeandikwa kwamba mila ile ndiyo udaktari wenyewe na goti lako ni uchafu uliokuja nao kwenye viatu.

Mimi pia nimewahi kumkaripia interni mbele ya mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Yule mama akaanza kulia, akidhani kijana amemuua mwanawe. Kumbe alikuwa amesahau kuandika uzito. Nilifanya hivyo kwa sababu nami nilifanyiwa, na nilijiona namkomaza. Ndivyo kabila letu linavyorithishana.

Sasa ufanye nini? Wazee wanatuambia kwamba shikamoo maana yake ni nashika miguu yako. Watu wa mwambao walilichukua goti wakaliweka ndani ya neno, ndiyo maana huko uliko mtu anasema shikamoo amesimama wima na hakuna anayemwona hana adabu. Kwa hiyo wodini shikamoo yako inatosha, na mgonjwa wa huko hatakudai zaidi. Lakini ukifika kwa mgonjwa aliyelala na una la kumweleza, shuka. Vuta kiti, na kama hakuna kiti (na mara nyingi hakuna), chuchumaa au piga goti lako, uso wako ulingane na wake. Ukimwuliza mtu "umelalaje" ukiwa umemsimamia kichwani, atakujibu "salama" hata kama usiku kucha hakupata usingizi. Angalia tu sakafu kwanza. Sakafu za wodi zetu tunazijua.

Na simama pale panapohitaji kusimama. Ndugu wanapogombana kuhusu upasuaji, mgonjwa anapozidiwa ukahitaji watu watatu wakusikilize mara moja, piga sauti, toa amri. Hakuna mzee wa Kwimba atakayekulaumu kwa hilo. Hata bibi yako nyumba ikishika moto hapigi goti kwanza.

Sasa lile la gentamisini. Hapo ndipo sikupi pole.

Unasema kwenu hukatizi kauli ya mkubwa. Nakuamini. Lakini hebu nikuulize, kwenu mkubwa akiwa anarudi nyuma kuelekea kisimani, mtoto hunyamaza kwa heshima? Ulijua figo zimechoka, ulijua dawa ile inaziumiza figo, na karatasi uliibeba kwa mkono wako. Ukimya ule haukuwa malezi ya bibi. Ulikuwa ni woga wa kuambiwa tena "hapa si ukweni", ukaufunika kwa shuka la heshima. Najua kwa sababu shuka hilo tumelitumia wote. Hakuna mila inayopendwa na hospitali zetu kama hii, ya wadogo kunyamaza, kwa kuwa inawafaa wakubwa na kuwapumzisha wadogo. Anayelipa gharama yuko kitandani.

Msome yule nesi. Mrudie, mnunulie chai, mkae. Nesi yule naye amelelewa, tena yaelekea amelelewa kuliko mimi na wewe. Tazama alivyopitisha neno: samahani, kisha jina la cheo, kisha habari, kisha akamwachia mkubwa mlango wa kutokea, "sijui kama umebahatika kuyaona". Ukweli wote ulisemwa na hakuna aliyevuliwa nguo. Hiyo ndiyo heshima ikifanya kazi. Nyumbani ukiwa na jambo zito la kumwambia baba, si unajua kumtafuta shangazi? Basi wodini nako wapo mashangazi: nesi kiongozi, daktari aliyekutangulia miaka miwili. Na kama hakuna muda wa shangazi, uliza kama anayeomba kufundishwa: "Bosi, naomba unieleweshe, figo zikiwa hivi tunaendelea na gentamisini?" Akikufokea, mgonjwa atakuwa amepona na wewe utakuwa umefokewa. Ni biashara nzuri.

Nikija kwa mzee wa mkonge, naandika polepole.

Wengi wenu mnatoka chuoni na picha moja kichwani, kwamba kumwambia mgonjwa ukweli ni Uzungu na kumficha ni Uafrika, halafu mnajiona mmesimama katikati ya mabara mawili. Hebu sikia. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Chicago aliwauliza madaktari wenzake 219 kama humwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Karibu 90 katika kila 100 walisema hawapendelei kumwambia. Hao ni madaktari wa Marekani, katika hospitali ya Marekani. Madaktari wa nchi hiyohiyo walipoulizwa tena, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1979, walikuwa 97 katika 100 waliosema wanapendelea kumwambia. Ndani ya miaka 18 kabila letu liligeuza mila yake juu chini, kisha likaanza kuwafundisha wengine kana kwamba ndivyo lilivyokuwa tangu enzi za Hippocrates, yule tabibu wa Ugiriki ya kale.

Halafu mwaka 1995 ukachapishwa utafiti wa wazee 800 wa Los Angeles, wote wa miaka 65 na zaidi, waliogawanywa kwa asili zao. Swali moja lilikuwa: mgonjwa aambiwe kwamba ana saratani iliyosambaa? Wenye asili ya Korea waliosema ndiyo walikuwa 47 katika 100, wenye asili ya Meksiko 65, wenye asili ya Ulaya 87, na Wamarekani weusi 88. Mimi hapo situmii kidole kuonyesha nani yuko sahihi. Ninachokuonyesha ni kwamba kila kundi lilikuwa na ndiyo na hapana ndani yake. Ukimtazama mtu usoni, au ukisikia jina la kabila lake, hujapata jibu lake. Jibu lake analo yeye.

Kwa hiyo unamwuliza, na unamwuliza mapema, siku unapomtoa damu au kumpeleka kipimo, kabla kuna cha kuficha. "Babu, majibu yakitoka, ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au kuna mtu ungependa nizungumze naye?" Wapo watakaokwambia "zungumza na mwanangu", na hapo umempa mwana kazi aliyopewa na baba yake, hujavunja kitu. Wapo watakaosema "niambie mimi". Andika kwenye faili, ili na anayekupokea zamu ajue.

Na mwana akikuvuta pembeni, usikubali harakaharaka na usikatae harakaharaka. Mwulize anaogopa nini mzee akijua. Mara nyingi kuna kitu nyuma ya lile neno tamaa: pesa za safari, mgogoro wa shamba, au mwana mwenyewe hajaweza kulitamka. Mpe pole. Kisha mwambie bila ukali: "Sitamlazimisha kusikia asichotaka. Ila akiniuliza mwenyewe, sitamdanganya." Wengi wanaweza kuishi na maneno hayo. Wengine wanashusha pumzi kabisa, maana walikuwa wanatafuta mtu wa kuushika mzigo upande wa pili.

Na lugha tunayo, usiniambie hatuna. "Babu, ugonjwa huu ni mzito. Dawa tulizonazo zitatuliza maumivu, kuuondoa hazitaweza. Kuna mtu ungependa aje?" Maneno hayo machache yangeweza kumleta dada yake. Nakuambia hivyo ujue uzito wa lile neno "tuendelee na dawa", na pia ujue kwamba hukulibeba peke yako. Bosi aliyeongea juu ya kichwa cha mtu kana kwamba Kiingereza ni ukuta, mwana aliyeahidi "akipona", wewe uliyebaki na kalamu, wote mmo.

Mzee alikuwa ameshasikia, hilo sasa unalijua. Kwa hiyo alipokushika mkono hakuwa anatafuta habari. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye dakika mbili akiwa na habari ile, na akamchagua yule aliyempigia goti wiki ya kwanza. Kuhusu lile "haya" lake, sitakwambia kwamba alikusamehe. Sikumjua, wala siwezi kusema kwa niaba yake.

Kuna kiapo cha Geneva, Chama cha Madaktari Duniani kilikitunga mwaka 1948, vita vimekwisha na dunia imeshaona madaktari wa Hitler walivyofanya. Ndicho kinachoapwa sehemu nyingi, kwa maneno haya au yanayofanana nayo. Kiapo kile cha kwanza kilimtaka daktari awape walimu wake heshima na shukrani. Ilipofika 2017 wakakifungua tena. Wakaongeza kwamba daktari ataheshimu uhuru wa mgonjwa wa kujiamulia. Wakaongeza kwamba daktari atatunza na afya yake mwenyewe. Na ile heshima kwa walimu wakaipanua: sasa inawahusu walimu, wenzako na wanafunzi wako. Yaani mpaka 2017 ndipo kabila letu lilipoandika kwamba heshima inashuka pia. Bibi yako alilijua siku nyingi. Ukimpigia goti si anakuitikia kwa kukutaja jina na ukoo, anakupandisha juu tena?

Ndiyo maana swali lake lilikukata. Alikuwa sahihi, ingawa hata miguu ilihitaji kupimwa. (Umefuatilia presha yake? Na moyo? Usiniandikie tena kabla hujampeleka.) Salamu za Kisukuma ni ndefu: mwangaluka, kisha nyumbani, kisha watoto, kisha mvua, kisha ng'ombe. Ungemwacha amalize, na miguu ingejitokeza yenyewe mahali fulani kati ya mvua na ng'ombe, pamoja na mambo ambayo hukuwa na wazo la kuyauliza, kama nani anayemchotea maji siku hizi. Sikudanganyi kwamba kliniki yenye wagonjwa 60 ina nafasi ya ng'ombe. Haina. Lakini ina nafasi ya salamu moja iliyokamilika kabla ya kufungua faili, na ukijaribu utaona mara nyingi inakuokolea muda.

Swali lako la mwisho, kuhamia kanda ya Ziwa. Kama unataka kurudi kwa sababu bibi anazeeka, rudi, sina neno. Kama unarudi kwa sababu huko watakuelewa, ngoja nikwambie yanayokusubiri. Utaingia wodini na mzee wa kwanza atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ukimtajia, atakuwa anamfahamu babu yako, na kuanzia hapo wewe ni mjukuu wake. Atakukubalia kila kitu na hatameza kidonge hata kimoja ambacho hakukipenda. Mwanawe atakuvuta pembeni, na safari hii atakuwa amesoma na baba yako. Kumwambia "sitamdanganya" utaona ni kazi mara tatu ya huko uliko sasa.

Malizia mwaka wako hapohapo. Umebakiza miezi minne, na mwezi ujao kuna mtu atafika wodini akiwa interni mpya, labda kijana wa Pemba asiyeweza kumtazama mama mtu mzima machoni, labda binti wa Moshi anayeongea kwa sauti ya juu mpaka wagonjwa wanashtuka. Siku ya kwanza ya raundi, simama karibu naye.